Namna ya Kuwafanyisha Watu Kazi Bure Mpaka Wakushukuru

Fedha za mradi zimeingia. Kamera zimefungwa mitini, au darubini imeelekezwa angani, au daftari za manahodha waliokufa zamani zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na sasa una picha milioni moja zinazosubiri jicho la binadamu. Wasaidizi unao wawili. Mmoja anaoa mwezi ujao. Mwingine anatafuta kazi kwingine na anadhani hujui. Fungu la posho liliishia kwenye semina ya uzinduzi, pale mgeni rasmi alipofika na msafara ambao haukuwamo kwenye barua ya mwaliko, na wote wakasaini karatasi ya mahudhurio.

Usihangaike. Duniani wamejaa watu wenye simu, wenye bando, na wenye zile saa za usiku ambazo usingizi hauji na taarifa ya habari imeshakwisha. Hawa hawatakudai nauli. Hawatauliza chai ya saa nne imekwama wapi. Hata ofisi yako hawaijui ilipo. Ukiwashika vizuri watakufanyia kazi ya miaka kwa miezi, watakuandikia ujumbe wa shukrani, na sikukuu ikifika watauliza kama kuna picha mpya. Kinachotakiwa ni kuuchokoza udadisi wao, kisha kuutumia bila huruma. Maelekezo ni haya yafuatayo.

Usiombe msaada

Tangazo la kuomba msaada ndilo kila mtafiti huanza nalo. "Saidia sayansi. Shiriki kujenga maarifa kwa maendeleo endelevu." Mwenye moyo mwema atakuja kweli. Atapitia picha kumi, ataona ametimiza wajibu wake kwa taifa na kwa ulimwengu, atafunga simu na kulala usingizi wa mtu mwema. Hutamwona tena. Wema hushiba haraka.

Udadisi haushibi, ndiyo maana unafaa kunyonywa. Mwaka 2007 Kevin Schawinski alikuwa mwanafunzi wa uzamivu pale Oxford, na alikuwa ameshapitia kwa macho yake mwenyewe galaksi zipatazo 50,000, akizipanga moja moja kwa maumbo: hii ya mviringo kama yai, ile ina mikono iliyojisokota. Zilizotakiwa kupangwa zilikaribia 900,000. Akafanya kile ambacho msomi yeyote mwenye akili angefanya, akaenda baa na mwenzake Chris Lintott. Julai ya mwaka huo huo picha zikawekwa kwenye intaneti kwa jina la Galaxy Zoo, mlango wazi kwa yeyote. Siku moja haikwisha kabla majibu hayajaanza kuingia 70,000 kwa saa. Mwaka wa kwanza yalipita milioni 50, kutoka kwa watu zaidi ya 150,000. Kwa lugha ya mhasibu: hakuna aliyesaini popote, na hakuna aliyepewa soda.

Waliingia kwa sababu moja. Waliambiwa kwamba picha hizi zilipigwa na darubini inayojiendesha yenyewe, kwa hiyo galaksi itakayokufungukia sasa hivi huenda haijawahi kuonwa na mwanadamu yeyote. Ipime sentensi hiyo, ndugu mtafiti, uone ilivyo na sumu. Haiombi kitu, haitaji wajibu wala maendeleo. Inakuambia tu kwamba kuna mlango, na kwamba hakuna aliyewahi kuufungua. Mtu akishaelezwa hivyo saa tano usiku, unadhani atalala?

Mwaka 1994 mwanasaikolojia na mchumi wa Marekani, George Loewenstein, alieleza kwamba udadisi huzaliwa kwenye pengo kati ya kile mtu anachokijua na kile anachotamani kukijua. Asiyejua lolote hana pengo, na wala hasumbuki. Ndiyo kusema lazima kwanza umpe kidogo, kisha umnyime. Wazee wetu barazani walikuwa mabingwa wa jambo hili kabla chuo kikuu chochote hakijaliandikia makala. Mtega kitendawili hutaja sifa mbili za kitu, basi, ananyamaza. Watu wanabahatisha, anatikisa kichwa. Wakishindwa anadai mji, na watu wazima wenye akili timamu wanampa Tanga, akigoma wanampa Mombasa, akigoma wanampa Unguja na karafuu zake zote, ili mradi tu waambiwe kwamba jibu lilikuwa yai. Iangalie bei hiyo kwa makini. Mtu ametoa mji mzima kwa ajili ya yai, na wewe una galaksi.

Kama mfadhili anataka ushahidi wa kisasa zaidi ya baraza, mpe huu: mwaka 2016 Edith Law wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba vibarua wa mtandaoni waliochokozwa udadisi walikaa kazini muda mrefu zaidi, na kazi yao haikuharibika kwa sababu hiyo. Ni habari njema kwa kila mwajiri asiye na fedha.

Usifute nyasi zote

Somo linalofuata liko Serengeti. Kuanzia mwaka 2010 Ali Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwa ndani ya utafiti wa simba uliokuwa chini ya Craig Packer, alitawanya kamera za mtego 225 katikati ya hifadhi, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Alitaka kujua simba, fisi, duma na chui wanaishije kwenye nchi moja bila kumalizana. Kamera hizo hazina mpiga picha. Zina kihisio cha joto na mwendo. Kikishtuka, zinapiga, mchana picha tatu mfululizo, usiku moja. Fisi walizitafuna, tembo waliziangusha, zilizopona zikaendelea kupiga.

Shida ni kwamba kwenye jua kali la mchana, nyasi zikipata moto na upepo ukazichezesha, kamera nayo huamini kuna mgeni. Katika mafungu ya picha kama milioni 1.2 yaliyochambuliwa mwanzo, yaliyokuwa na mnyama ni 322,653. Karibu robo tatu iliyobaki ilikuwa hewa: nyasi za asubuhi, nyasi za adhuhuri, nyasi zimeinamia kushoto, nyasi zimeinamia kulia. Desemba 2012 lundo hilo lilipelekwa Zooniverse, jukwaa lililozaliwa kutokana na mafanikio ya Galaxy Zoo, likapewa jina la Snapshot Serengeti, na watu wakaalikwa kuja kutazama nyasi.

Mtazame mmoja wa waliokuja, usiku, kompyuta mapajani. Picha ya kwanza ni nyasi. Anabonyeza kitufe cha kusema hakuna kitu. Ya pili nyasi, na kivuli cha mgunga. Ya tatu ni makalio. Kichwa hakuna, mabega hakuna, ni makalio ya swala yakimalizikia kutoka upande wa kulia wa picha. Orodha aliyopewa ina swala tomi na swala granti. Anajua kwamba tomi ana mstari mweusi ubavuni, lakini ubavu umeshaondoka na mwenyewe. Inabaki kazi ya mkia: weupe wa makalio ukipanda hadi juu ya mkia, ni granti, ukiishia chini yake, ni tomi. Anasogeza uso mpaka pua inakaribia kioo. Mwenzake anaita kutoka chumbani kwamba usiku umekwenda. "Nakuja," anajibu, naye anajua haendi. Ya nne nyasi. Ya tano ni ya usiku; taa ya kamera imemulika, na mbali kabisa, nyuma ya giza, macho mawili yanang'aa bila mwili. Fisi? Bweha? Simba? Hapo umempata. Huyu sasa ni mali yako mpaka alfajiri.

Mtafiti mwenye huruma angetazama tukio hilo na kusema maskini, tumpunguzie hizi nyasi, tumwekee wanyama watupu. Ndivyo ingetarajiwa, na ndivyo ungefanya wewe. Lakini mwaka 2015 watu wa Zooniverse, Swanson na Lintott wakiwamo, walichambua kumbukumbu za kazi yenyewe wakakuta kinyume chake: waliokutana na picha tupu nyingi zaidi ndio waliokaa muda mrefu zaidi. Mwenye kuona simba picha baada ya picha hushiba simba. Mwenye kuona nyasi hajui kama inayofuata ni nyasi tena au ni duma na watoto wake, na hilo la kutojua ndilo linalomweka kitini. Nyasi ndizo zilizompa simba thamani yake.

Najua unachowaza. Unawaza kuongeza nyasi. Nitakuzuia, na hapa naweka kejeli pembeni kidogo: nyasi za Serengeti zilikuwa za kweli, mbuga ndivyo ilivyo, na yule aliyebonyeza "hakuna kitu" alikuwa anafanya kazi halali ya kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Ukichukua picha ambayo umeshajua ni tupu, ukamrudishia mtu ili tu umcheleweshe kulala, huo ni wizi wa usiku wa mtu. Akigundua ataondoka, na ataondoka na wenzake. Haya, tuendelee.

Wenzako watakuuliza kama majibu ya watu wasio na shahada yanaaminika. Waambie hakuna aliyeachiwa picha peke yake. Fungu moja lilipitiwa na macho mengi. Watano wa kwanza wakikubaliana kuwa ni tupu linaondolewa, yenye utata yalionyeshwa hadi mara 25. Mafungu 4,149 yalipopelekwa kwa wataalamu ili kulinganisha, majibu ya pamoja ya watu hawa yalilingana na ya wataalamu kwa asilimia 96.6 kwenye kumtaja mnyama. Waliteleza zaidi kwa wanyama adimu, na ni haki yao. Mtu aliyetazama nyasi mia mbili yuko radhi kumwona kifaru hata kwenye kichuguu. Jumla walikuwa zaidi ya 28,000 waliojiandikisha, na wengine kama 40,000 ambao hawakujali hata kuacha jina. Walitoa majibu milioni 10.8.

Pembeni ya habari hii kuna jambo ambalo mwongozo mzuri wa kunyonya watu ungelinyamazia. Kijana wa Mugumu au Loliondo anamjua nyumbu akiwa mbali, kwa mwendo wake tu, na hahitaji kuelezwa tofauti ya kongoni na nyamera. Lakini kazi ilipofunguliwa, maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, na picha za nyuma ya nyumba yake zilihitaji bando ili zimrudie. Kama mradi wako uko Afrika Mashariki, andika maelekezo kwa Kiswahili, na weka "nyegere" na "nungunungu" kwenye orodha badala ya majina ambayo mtu hakuyasikia utotoni. Udadisi hauchokozwi kwa lugha inayotafutwa kwenye kamusi. Na picha zipunguze uzito. Kumwomba mtu akufanyie kazi bure ni sawa. Kumtoza bando la kufanyia hiyo kazi ni kuzidisha.

Habari ya vyeo, fulana na vyeti

Hapa pafupi. Mfadhili anapenda fulana kwa sababu fulana zinahesabika, na kwenye ripoti ya robo mwaka kuna kisanduku chake. Mwenyekiti wa kamati anapenda cheti kwa sababu yeye ndiye atakayesaini. Kijana wa tehama atakushauri uweke alama, nyota, na orodha ya washindi wa wiki.

Mradi wa Old Weather, ulioanza 2010, ulijaribu. Watu walipewa daftari za meli za jeshi la majini la Uingereza za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanakili hali ya hewa iliyoandikwa humo siku kwa siku, ili wataalamu wa tabianchi wapate vipimo vya bahari za enzi hizo. Ukinakili sana kwenye meli fulani unapanda cheo, na aliyenakili kuliko wote ndiye nahodha wake. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba wapo waliofurahia unahodha, na wapo waliokata tamaa mapema kwa kuona nahodha aliyepo hashikiki. Waliodumu wengi wao walikuwa wameshikwa na kitu kingine kabisa. Walitaka kujua meli ile inakwenda wapi. Nani ameugua, nani amezikwa baharini, bandari gani inafuata. Walikuja kunakili joto na mgandamizo wa hewa, wakajikuta wanafuatilia maisha ya mabaharia ambao wajukuu zao wenyewe wamezeeka.

Kwa hiyo fulana agiza, kwa ajili ya picha ya pamoja. Usizitegemee.

Swali lisilokuwamo kwenye andiko

Udadisi una ubaya mmoja mkubwa, nao ni kwamba hausomi andiko la mradi. Umemweka mtu ahesabu mikono ya galaksi, yeye anauliza kile kidoa cha pembeni ni nini. Umemwambia ataje mnyama, yeye anataka kujua kwa nini pundamilia wote wametazama upande mmoja. Kiofisi, jibu liko tayari: swali lako limepokelewa, endelea na kazi.

Agosti 2007, mwalimu wa shule wa Uholanzi aitwaye Hanny van Arkel alikuwa akipanga galaksi za Galaxy Zoo kama wenzake. Chini ya galaksi moja, IC 2497, akaona wingu la buluu lisilofanana na kitu chochote alichofundishwa kukitambua. Kwenye fomu hapakuwa na kitufe cha wingu la buluu. Angeweza kubonyeza umbo la galaksi akapita, na kazi yake ingekuwa imekamilika kwa mujibu wa mkataba. Akauliza. Wataalamu walipoangalia, nao hawakujua. Ikaja kubainika kuwa ni wingu la gesi lenye ukubwa wa galaksi nzima, linalong'aa kwa mwanga wa kwaza, yaani kiini cha galaksi kinachowaka kupita kiasi, iliyokuwa katikati ya ile galaksi jirani, na kwaza yenyewe ilikuwa imeshafifia wakati mwanga wake wa zamani ungali njiani ukilimulika wingu. Mwaka 2010 darubini ya Hubble iligeuzwa kwenda kulipiga picha. Muda wa Hubble hugombewa na wanaanga wa dunia nzima kwa maandiko marefu. Huu ulipatikana kwa sababu mwalimu hakukubali kupita kidoa. Hadi leo kitu hicho kinaitwa kwa jina lake, Hanny's Voorwerp.

Haikuishia kwake. Watu wale wale walianza kukusanya galaksi ndogo za kijani zenye umbo la njegere, kwanza kwa utani, halafu kwa utaratibu uliowatia aibu wataalamu. Mwaka 2009 makala iliyoongozwa na Carolin Cardamone ilieleza kwamba njegere hizo, zipatazo 250, ni galaksi zinazozaa nyota kwa kasi isiyo ya kawaida. Kwenye mradi wa Planet Hunters, ulioanza Desemba 2010, watu walipewa michoro ya mwanga wa nyota wakitafuta kivuli cha sayari inayopita mbele. Nyota moja ikawashinda: mwanga wake ulikuwa unashuka ovyo, mara moja hadi asilimia 22, jambo ambalo sayari haiwezi kulifanya. Mfumo wa kompyuta uliotengenezwa kutafuta sayari haukuiona kuwa na neno, kwa sababu haikufanana na ulichoambiwa ukitafute. Watu wakapiga kelele mpaka Tabetha Boyajian na wenzake, pamoja na baadhi ya hao waliopiga kelele, wakaiandikia makala mwaka 2015. Dunia ikazungumzia majengo ya viumbe wa angani kwa miezi. Vipimo vya baadaye vikaelekeza kwenye vumbi.

Ukitaka kuendesha mradi wako kwa amani, basi, ziba njia ya kuuliza. Ondoa mahali pa maoni. Usimweke mtaalamu yeyote wa kupita jioni kuona watu wanashangaa nini. Utapata majibu yote uliyoyaomba kwenye andiko, yakiwa safi, na hakuna hata moja litakalokushtua.

Kula mji bila kutoa jibu

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo watafiti wetu hawahitaji kufundishwa. Mradi umekwisha. Majibu yamejaa. Ufuatao ndio utaratibu uliozoeleka: funga tovuti bila taarifa, chambua data kwa miaka mitatu, chapisha makala kwenye jarida ambalo mtu wa kawaida akitaka kulisoma anadaiwa dola, kisha mwishoni, baada ya kuwashukuru mfadhili, tume, wizara na dereva, andika kwamba unawashukuru pia watu wote waliojitolea. Wale waliokesha na makalio ya swala hawatajua kamwe kama simba na fisi wanagawana mbuga au wanakwepana. Umepewa Tanga, umepewa Mombasa, umepewa Unguja, umekula, umeondoka, na yai hukulitaja.

Wapo waliofanya tofauti, nami nawataja ili uwaepuke vizuri. Januari 2006 chombo cha NASA kiitwacho Stardust kilirudisha duniani kidonge chenye vumbi la angani lililonaswa kwenye aerojeli, dutu nyepesi mno. Chembe zenyewe zilikuwa ndogo mno na chache mno, kwa hiyo Andrew Westphal na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaweka picha za hadubini mtandaoni na kuwaita watu wazitafute. Aliyeona chembe alikuwa na haki ya kuipa jina. Makala ilipotoka mwaka 2014 kwenye jarida la Science, ikieleza chembe saba ambazo huenda zimetoka nje kabisa ya mfumo wetu wa jua, orodha ya waandishi iliwataja maprofesa, kisha ikawataja kwa pamoja watafutaji wa vumbi zaidi ya 30,000. Yaani waandishi wenza. Hebu fikiria kamati ya kupandisha vyeo ya chuo chako ikigawanya alama za makala hiyo.

Snapshot Serengeti nao waliweka data yote hadharani mwaka 2015, ili yeyote aichukue na kuuliza maswali yake mwenyewe. Mazoea ya namna hii yakienea, watu watakuja mradi wa pili wakiwa na matarajio.

Wewe, kwa kuwa umesoma mpaka hapa, huenda unafikiri una njia ya kukwepa yote haya: mashine. Ni kweli zimefika. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba kompyuta iliyofunzwa inaweza kushughulikia yenyewe asilimia 99.3 ya picha milioni 3.2 za Serengeti kwa usahihi ule ule wa asilimia 96.6 wa watu, na kuokoa zaidi ya miaka minane ya kazi ya mtu mmoja wa saa arobaini kwa wiki. Haikeshi, haiulizi, haitaki kujua meli inakwenda wapi. Ila isisahaulike ilifundishwa na nani: ilijifunzia kwenye majibu ya watu wa usiku, yale yale waliyotoa kwa bando lao. Na kwa mnyama adimu, ambaye mifano yake ni michache, bado inababaika. Mashine ukiipa kidoa cha buluu itakitafutia kitufe kilicho karibu, ikibonyeze, iendelee.

Utawahitaji watu, basi, angalau kwa yale usiyoyajua kuwa huyajui. Kabla hujawaita, fungua bajeti yako uongeze mstari mmoja: mshahara wa mtu wa kuwajibu. Kazi yake ni kupita kila jioni, kusoma wanachouliza, kusema "hatujui" inapokuwa hatujui, na matokeo yakitoka kuwaandikia ukurasa mmoja kwa lugha yao kabla ya kulipelekea jarida. Kama fungu hilo halipo na mfadhili hataki kulisikia, usiwaite. Tangaza kazi za vibarua, uwalipe kwa siku.